Maswali ya Wasomaji: Bohari ya Bibi Kugeuzwa Chumba cha Kufulia

SWALI

Assalaam alaykum, mzee wetu wa safu ya ujenzi. Naishi Mkomani, Lamu, katika nyumba ya mawe ya ghorofa moja tuliyoachiwa na bibi yetu mzaa mama. Chini, kando ya kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, pana chumba cha urefu wa futi 14 na upana wa futi 8 ambacho zamani kilikuwa bohari ya nazi na nafaka, na ambacho kwa miaka mingi sasa hakina kazi isipokuwa kuhifadhi magodoro mabovu na matanga ya jahazi. Mimi na kaka yangu tumekusudia kukigeuza kwa mikono yetu wenyewe kiwe chumba cha kufulia, chenye mashine ya kilo 7 ya mlango wa mbele, karo la kufulia kwa mkono, na mahali pa kupigia pasi na kuanikia nguo wakati wa mvua. Kuta zilipigwa plasta ya simiti miaka kama 15 iliyopita, na sasa plasta hiyo inavimba, inabanduka na kutoa unga mweupe hadi usawa wa kiuno. Tuna kisima cha maji ya chumvichumvi, na maji ya bomba huja kwa zamu na kuingia katika tangi la lita 1,000 lililo juu ya paa la choo, kama mita 4 kutoka chini. Kaka yangu asema tupachike vigae kuta zote tumalize udhia, tuyatoe maji machafu kwenye mtaro wa kichochoroni kama walivyofanya wengine, na tuvute umeme kutoka kwenye soketi ya friji. Mimi nasita. Tuanze wapi?

Bi. M., Mkomani

JIBU

Wa alaykum salaam, binti yangu. Umesita mahali penyewe, kwa kuwa mambo yote matatu anayoyapendekeza kaka yako ndiyo hasa yaliyoharibu vyumba vingi vya chini katika mji wenu, na hakuna hata moja kati yake ambalo ni la lazima. Chumba mlicho nacho ni kizuri kwa kazi mnayoikusudia: kiko chini, kwa hiyo mashine haitatikisa dari ya mtu, kiko kando ya kiwanda, kwa hiyo kinapata hewa, na upana wake wa futi 8 unatosha mashine, karo na mtu kupita. Upana huo, tukisema kwa pembeni, haukuchaguliwa na mjenzi kwa kupenda, bali na mti wa mkoko unaokatwa boriti za dari. Boriti inayoweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda, na ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba.

Mnauliza muanze wapi. Anzeni na njia ya maji ya kutokea, kabla ya kufikiria njia yake ya kuingilia, na kabla ya kununua mashine. Watu wengi huleta mashine kwanza, wakaifurahia, kisha wakagundua kwamba hapana pa kuyapeleka maji isipokuwa mlangoni mwa jirani. Mashine ya kilo 7 ya mlango wa mbele hutumia takriban lita 40 hadi 60 kwa mzunguko mmoja, na pampu yake huyatoa maji hayo kwa kishindo, lita nyingi ndani ya dakika moja, wala si kidogo kidogo kama mtu anayemwaga beseni. Mkifua mara nne kwa wiki, mnazungumzia zaidi ya lita 160 za maji yenye sabuni, nyuzi za nguo na jasho.

Mtaro wa kichochoroni haufai, hata kama jirani wa kulia na wa kushoto wameutumia. Mitaro hiyo huishia baharini, na kabla ya kufika huko hupita mbele ya milango ya watu. Povu lake huteleza, nayo njia hiyo hupitiwa na watoto, wazee na punda wenye mizigo. Kuchimba shimo jipya kiwandani nako kuna hatari kubwa zaidi. Kanuni inayofahamika ni kuacha mita 30 baina ya shimo la maji machafu na kisima, na umbali huo hauwezi kupatikana ndani ya kiwanja cha Mkomani, ambako kisima na choo hutenganishwa na kuta mbili tu. Ushauri wangu ni kwamba maji hayo yaungwe na tangi la maji taka la choo cha nyumba, baada ya fundi kulifungua na kuhakikisha kwamba halivuji na lina nafasi ya kuyapokea, na kwamba mmemwita afisa wa afya ya umma wa kaunti aione njia yenyewe kabla haijafukiwa.

Bomba la kutolea maji liwe la plastiki la milimita 50, na literemke kwa kiasi cha sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Mteremko mdogo kuliko huo huacha nyuzi zikatuama na kuziba. Pale mpira wa mashine unapoingia, simamisheni bomba la wima lenye mdomo ulio kati ya sentimita 60 na 90 kutoka sakafuni. Ukiwa chini zaidi, maji yatajivuta yenyewe kutoka ndani ya mashine kabla nguo hazijafuliwa, na mtashangaa mashine haijai. Chini ya bomba hilo pawe na kiko, yaani ule mpindo unaobaki na maji ndani yake siku zote ili harufu ya tangi isipande chumbani. Kisha, kabla ya bomba kutoka nje ya chumba, jengeni chemba ndogo yenye kifuniko cha kuinuliwa na wavu wa kunasia nyuzi, mwusafishe kila Ijumaa. Kazi yote hii ya mabomba mnaweza kuifanya wenyewe, mkiwa na msumeno, gundi ya mabomba, pimamaji na subira. Maji ya kusuuzia ya mwisho, ambayo hayana sabuni nyingi, yanaweza pia kukingwa kwenye pipa na kutumiwa kumwagia choo. Lakini msiyamwagie mwasumini, kwa kuwa chumvi za sabuni ya unga huuchosha udongo.

Sasa tuje kwenye kuta, na hapa nitakawia, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kuta za nyumba yenu ni za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha nusu mita, wala hazina msingi uliozuiwa unyevu. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi, na maji ya chini hupanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, yakibeba chumvi. Wazee waliijua tabia hiyo na hawakushindana nayo: walipiga plasta ya chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka nje kwa hewa, na chumvi ikibaki juu ya plasta ilifagiliwa, na plasta ikichoka ilibanduliwa ikapigwa nyingine. Simiti haiufukuzi unyevu bali huufungia ndani. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi yakitafuta mlango, ndiyo maana unyevu wenu umefika kiunoni, na chumvi inapokauka nyuma ya simiti hufanya punje ambazo hutanuka na kuisukuma plasta hadi ivimbe na kuanguka pamoja na uso wa jiwe. Huo unga mweupe mnaouona ndio chumvi yenyewe. Mkibandika vigae juu ya ukuta wa namna hiyo, vitapendeza msimu mmoja, kisha unyevu utatafuta njia nyingine juu ya vigae, au utavisukuma vyenyewe kimoja kimoja.

Bandueni simiti yote hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, kwa nyundo nyepesi na tindo, mkipiga kwa mshazari ili jiwe lisipasuke. Msikodi mashine ya kubomolea. Kwangueni viungo baina ya mawe hadi mwone chokaa ya zamani iliyo imara. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu na vumbi lake likusanywe na kutupwa nje ya nyumba; msioshe ukuta kwa maji, kwa sababu chumvi itayeyuka na kurudi ndani ilimotoka. Kisha uacheni ukuta upumue kwa wiki kadhaa, dirisha na mlango vikiwa wazi. Majira ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo yanayofaa kwa hatua hii. Mkianza masika yakiwa mlangoni, mtangoja hadi mchoke.

Ukuta ukishakauka, tomeeni mashimo makubwa kwa vijiwe na chokaa, kisha pigeni plasta ya chokaa iliyozimwa vizuri, kipimo kimoja cha chokaa kwa vipimo vitatu vya mchanga safi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na mchanga wa vilima vya Shella usiguswe kabisa, kwa sababu vilima hivyo ndivyo vinavyohifadhi maji ya kunywa ya mji. Nunueni mchanga wa bara, na mkiutilia shaka uosheni. Plasta ipigwe kwa tabaka zisizozidi sentimita moja, kila tabaka likiachwa lishike kabla ya kupigwa jingine, na huku mkilinyunyizia maji asubuhi na jioni, kwa kuwa chokaa haikauki kama tope bali hugeuka jiwe polepole kwa kuvuta hewa, na ikikaushwa haraka na upepo hupasuka. Vaeni glavu na miwani ya kazi. Chokaa mbichi ikiingia jichoni si jambo la kupangusa kwa kanga: osheni kwa maji mengi safi na mwende hospitali.

Mtauliza: je, nyuma ya karo, ambako maji yatarukia ukuta kila siku? Nendeni mkatazame vyoo vya nyumba za kale hapo hapo Lamu, zile zenye birika la kuogea, yaani hodhi la maji lililojengwa. Kuta zake na birika lenyewe zilikamilishwa kwa chokaa laini iliyosuguliwa hadi ikang'aa, nayo ilihimili maji kwa vizazi. Na ndani ya maji wenyewe wakafuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Fundi mwashi anayejua ukamilishaji huo bado anapatikana, na hii ni kazi moja ambayo ningependa mmwachie yeye, mkisimama kando mkijifunza. Kama kaka yako hataki kuviacha vigae vyake, basi avipate sehemu ya nyuma ya karo tu, kutoka ukingo wa karo kwenda juu kwa nusu mita, na chini yake ukuta uachwe wazi upumue. Na ikiwa chini ya simiti hiyo mtakuta kidaka cha zamani, yaani kishubaka cha ukutani, kilichozibwa, kifungueni taratibu. Hamtapata mahali pazuri zaidi pa kuwekea sabuni.

Jambo la ruhusa nimelichelewesha makusudi ili msiogope kuanza, lakini lifanyeni mapema. Mji mkongwe wa Lamu unalindwa kwa sheria ya Kenya tangu mwaka 1986, na UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kutoboa ukuta wa nje, kupanua dirisha linaloelekea kichochoroni, au kupitisha bomba usoni mwa nyumba si mambo ya kujiamulia. Piteni ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyoko Lamu na ofisi ya mipango ya kaunti mkiwa na mchoro mdogo uliochorwa kwa mkono. Mabomba yote yanaweza kupita upande wa kiwandani, na mkiuonyesha mchoro wa namna hiyo mazungumzo huwa mafupi.

Kabla ya kutoka kwenye jengo, pandeni ngazi mkaguse ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Ikiwa bisibisi inazama ndani ya mti, boriti hiyo ibadilishwe kabla ya kazi nyingine yoyote, dari ikiwa imeegemezwa kwa nguzo za muda, na kazi hiyo aifanye fundi.

Sasa maji ya kuingilia. Kila mita 10 za kimo cha tangi hutoa mkandamizo wa takriban baa moja. Tangi lenu liko mita 4 juu, na mdomo wa mashine uko karibu mita moja kutoka chini, kwa hiyo mnabaki na mita 3, yaani baa 0.3. Mashine nyingi za mlango wa mbele hutaka angalau kiasi hicho, na nyingine hutaka 0.5, mkikosa, mashine husimama katikati ya kazi na kuwasha taa ya kosa. Someni kijitabu cha mashine dukani kabla ya kulipa. Msikimbilie kuliinua tangi juu ya paa kuu, kwa kuwa lita 1,000 ni tani nzima, na tani nzima juu ya boriti za bibi yenu ni jambo la kulipigia hesabu na fundi. Pampu ndogo ni rahisi zaidi. Mkiniruhusu niseme yaliyo moyoni, katika nyumba ambayo maji huja kwa zamu ningenunua mashine ya mapipa mawili, ile ambayo upande mmoja hufua na mwingine hukamua: haidai mkandamizo, hujazwa hata kwa ndoo, haina kichemsha maji, na fundi yeyote wa mtaani huielewa. Najua si ya fahari kama ile mnayoitaka.

Maji ya kisima yaacheni kwa kudekia. Sabuni haitoi povu ndani yake, nguo nyeupe hufifia rangi, na mashine yenye kichemsha maji hujengeka magamba juu yake hadi kikaungua. Afadhali mkinge maji ya mvua: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, hivyo paa la mita 40 za mraba likinyeshewa milimita 25 usiku mmoja huwapa kama lita 1,000, ukiacha kidogo kinachopotea. Hayo ndiyo maji mazuri kuliko yote ya kufulia.

Kuhusu umeme nitakuwa mkali, na ninaomba kaka yako asome sehemu hii mwenyewe. Mashine yenye kichemsha maji huvuta takriban wati 2,000, sawa na ampea zaidi ya 8 kwa umeme wetu wa volti 240. Ongezeni pasi ya wati 1,200 katika njia hiyo hiyo, na mmefika ampea 13, ambazo ndizo mwisho wa plagi moja, na bado friji haijawaka. Chumba hiki kinahitaji njia yake kutoka kwenye ubao wa umeme, kwa waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, swichi ya kujikata ya ampea 20, waya wa ardhi uliopimwa, na kile kifaa kinachokata umeme pindi ampea 0.03 tu zinapovuja, kwa sababu mtu atasimama hapo akiwa na mikono na miguu iliyolowa. Soketi ziwe juu, zaidi ya mita moja kutoka sakafuni, na mbali na karo. Kazi hii hamfanyi wenyewe. Mwiteni fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, na mwulizeni leseni bila haya.

Kuhusu kuanika ndani, fikirini jambo hili: kilo 7 za nguo zilizokamuliwa na mashine bado zina maji ya lita 3 hadi 4, na maji hayo yote yataingia hewani, kisha kwenye kuta mlizotaabika kuzikausha. Kamba ya ndani iwe ya siku za mvua tu, dirisha likiwa wazi na feni ikizunguka. Siku nyingine zote mnalo paa, jua na upepo, tena bure.

Mwisho, pimeni mlango. Mashine ya mlango wa mbele huwa na upana wa sentimita 60 na kimo cha 85, na uzito wake hufika kilo 60 na zaidi kwa ajili ya zege lililofungwa ndani ili isiruke. Itavushwa kwa boti kutoka Mokowe ng'ambo ya bara, ipandishwe mkokotenini, ipite vichochoroni na kwenye kona ya daka lenu, yaani ukumbi wa mlangoni, ndipo ifike chumbani. Pimeni kila kona kwa utepe kabla ya kulipa, kwa sababu muuzaji wa Mombasa hajui daka lenu lina upana gani.

SWALI

Mzee, nimegeuza gereji ya zamani hapa Malindi kuwa chumba cha kufulia. Sakafu ni ya zege na niliiwekea mteremko kuelekea kwenye shimo la maji. Tatizo ni kwamba mashine mpya ya mlango wa mbele inapokamua hutetemeka mno na hutembea hadi katikati ya chumba. Nimeiwekea mpira chini, haikusaidia.

Bw. K., Malindi

JIBU

Ndugu yangu, mteremko wa sakafu ni sahihi, ila mashine yenyewe haitakiwi kusimama juu ya mteremko. Ijengee jukwaa dogo la zege, kimo cha sentimita 10, lililolala sawasawa kwa pimamaji pande zote mbili, kisha rekebisha miguu yake minne kwa kuizungusha hadi isichezecheze unapoikandamiza kila pembe, na ukaze nati za miguu hiyo. Mpira uliouweka chini uondoe. Mpira laini huongeza mtikisiko badala ya kuupunguza.

Lakini kabla ya kuchanganya zege, igeuze mashine utazame mgongo wake. Mashine hizi husafirishwa zikiwa zimefungwa bolti ndefu, kwa kawaida tatu au nne, zinazolizuia pipa la ndani lisigongegonge njiani. Kwa kuwa yako ni mpya na hutembea tangu siku ya kwanza, nashuku bado zimo. Zifungue zote kwa spana, uzibe matundu kwa vifuniko vya plastiki vilivyokuja pamoja na kijitabu, na bolti zenyewe uzitie kwenye mfuko uzihifadhi, maana utazihitaji siku utakapohama.